Samaki wa birika: kutoka nyumba za kale za Lamu hadi tangi la kioo Chundwa

Katika nyumba za mawe za Lamu ya kale, chumba cha kuogea kilikuwa na birika pembeni, hodhi lililojengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa. Mtu alichota maji kwa kata, akaoga, akatawadha, akatoka. Ndani ya maji hayo waliishi samaki wadogo. Hawakuwekwa ili watazamwe, wala hawakuwa kitoweo. Kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu kabla havijaota mbawa.

Chini ya birika kulikuwa na jambo jingine. Mafundi walizamisha bakuli sakafuni mwa hodhi, mara nyingi la kaure kutoka China, wakalishikiza kwa chokaa. Siku ya kusugua birika, maji yalipotolewa, yale ya mwisho yalibaki bakulini na samaki wakajikusanya humo mpaka yalipomiminwa maji mapya. Bakuli lilipendeza, lakini halikuwa pambo tu. Bila hilo, kila usafi ungekuwa maziko.

Fundi huyo anastahili sifa nyingi kuliko anazopewa. Watalii wanaozuru mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, huonyeshwa milango ya nakshi na zidaka za ukutani, na ni haki yao. Lakini fundi aliyeweka bakuli alikuwa amemfikiria samaki kabla tone la kwanza la maji halijaingia nyumbani. Siku hizi mambo huenda kinyume. Mtu hununua samaki kwanza, akiwa ndani ya mfuko wa plastiki, kisha akatafuta chombo cha kumtia, na maji huja mwisho, yale yale yaliyo karibu. Baada ya juma moja samaki anaelea tumbo juu, na mwenye nyumba anasema samaki wa dukani hawana maisha.

Wana maisha. Wanachokosa ni maji yaliyotayarishwa, na hakuna pahali ambapo neno hilo lina uzito kama Chundwa.

Kijiji cha Chundwa kiko kaskazini-mashariki mwa kisiwa cha Pate, jirani na Faza, Myabogi, Mbwajumwali na Kizingitini. Anayekwenda huko kutoka mjini Lamu hupanda boti, na akishukia Mtangawanda humalizia safari kwa nchi kavu. Kisiwani hakuna mto. Watu wanategemea mvua, inayokingwa na kuhifadhiwa katika jabia, na visima, ambavyo vingi maji yake yana ladha ya chumvi. Sababu iko chini ya miguu yao. Mvua inaponyesha juu ya mwamba wa matumbawe hunywea ndani na kutulia juu ya maji ya bahari yaliyo chini, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Kisima kikichotwa kwa pupa, chumvi hupanda. Kiangazi kikikaza, maji hupimwa kwa mtungi, na anayetaka kufuga samaki kwa kupendezwa lazima awe na jawabu kwa mama mwenye nyumba: maji ya nani?

Hesabu yenyewe haitishi. Tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 50, upana wa 30 na kina cha 30 hubeba lita 45 likijaa hadi ukingoni. Likiachwa nafasi juu, kama inavyopasa, huingia lita 40 hivi, yaani mitungi miwili ya lita 20. Baada ya hapo, kila juma hutolewa robo ya maji na kurudishwa mengine: lita 10, nusu mtungi. Na zile lita 10 zinazotoka si za kumwagwa uani. Zimebeba mbolea iliyoyeyuka ya kinyesi cha samaki, nao mpilipili, mndimu au tuta la mchicha litaipokea kwa furaha. Maji ambayo yangemwagiliwa mchicha hata hivyo yanapitia tangini kwanza, basi. Kwa hesabu hiyo, samaki mdogo ni mgeni asiye na gharama kubwa.

Uzito nao uhesabiwe. Kila lita ni kilo moja, na kioo chenyewe kina uzito wake, kwa hiyo tangi la kadiri hiyo likijaa huzidi kilo 40. Kimeza cha miguu myembamba hakifai. Baraza ya saruji au meza ya mninga inafaa, mbali na dirisha linaloingiza jua la mchana, maana jua hupasha maji moto na kuyageuza kijani kwa mwani.

Kabla ya kuingia ndani ya tangi, inafaa kurudi kidogo kwenye mbu, kwa sababu visiwa vya Lamu vina historia ambayo wakazi wake wengi waliihisi katika viungo vyao. Katikati ya mwaka 2004 homa iliyokuja na maumivu makali ya viungo ililipuka mjini Lamu. Ilikuwa chikungunya, inayoenezwa na mbu wa jamii ya Aedes, yule mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana. Watafiti waliopima damu za wakazi mwezi Oktoba mwaka huo waligundua kwamba robo tatu yao walikuwa wamekwisha kupatwa na virusi hivyo, na wakakadiria kuwa watu wapatao 13,500 kisiwani humo waliambukizwa. Mtu angetarajia mlipuko wa aina hiyo uje baada ya mvua nyingi. Ulikuja baada ya ukame. Maji yalipoadimika, watu waliyahifadhi majumbani kwa muda mrefu bila kuyabadilisha, na mbu wakapata mahali pa kutagia ndani ya nyumba, kivulini, karibu na watu.

Virusi havikukaa Lamu. Vilifika Mombasa mwaka huo huo, vikavuka hadi Komoro mwaka 2005, kisha Réunion, ambako zaidi ya watu 260,000 waliugua, takriban theluthi moja ya wakazi wa kisiwa hicho. Mwaka 2006 India ikahesabu wagonjwa zaidi ya milioni moja. Bahari ya Hindi, iliyoleta bakuli la kaure kutoka mashariki, safari hii ilipeleka kitu kingine upande ule ule.

Je, samaki wangezuia hayo? Si peke yao. Aedes hutaga katika vyombo vidogo vidogo, kwenye gurudumu kuukuu, kifuu cha nazi, ndoo iliyosahauliwa, na mayai yake yanaweza kukaa makavu kwa miezi na bado yakaanguliwa yakipata maji. Samaki hana njia ya kufika kwenye kifuu. Tangi jeusi la plastiki lenye kifuniko halimhitaji pia: kifuniko kikikaa vizuri, mbu haingii. Nafasi ya samaki ni ile ile ya zamani, hodhi la wazi la maji ya kuogea na kufulia, lisiloweza kufunikwa na lisilomwagwa kila siku. Kiluwiluwi cha mbu katika joto la pwani hukamilika kuwa mbu kwa muda wa kama juma moja hadi siku kumi, na muda wote huo hulazimika kupanda juu ya maji kuvuta pumzi. Samaki anayeishi karibu na uso wa maji anakisubiri huko huko.

Ushahidi wa kisayansi upo, tena si wa mbali. Kaskazini mwa Somalia, katika miaka ya 1980, watafiti walitia perege wa aina ya Oreochromis spilurus katika mabirika ya wafugaji ya kukingia mvua, ambayo ni ndugu wa jabia za Pate, na viluwiluwi vya mbu wa malaria vikapungua sana. Magharibi mwa Kenya, katika nchi ya Wakisii, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba majuma 15 baada ya perege kutiwa katika mabwawa yaliyokuwa yametelekezwa, viluwiluwi vya mbu wa malaria vilipungua kwa zaidi ya asilimia 94. Wenye mabirika ya Lamu hawakuwa na takwimu. Walikuwa na matende na mabusha, magonjwa ambayo pwani hii imeyajua kwa muda mrefu na ambayo pia huletwa na mbu, na walikuwa na macho.

Vitabu vya Ulaya husema kwamba tangi la samaki la nyumbani lilianza London. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington aliieleza jumuiya ya wanakemia jinsi alivyoweka samaki wawili wa dhahabu katika chombo cha kioo pamoja na mmea wa majini. Mmea ulitoa oksijeni, samaki wakaivuta. Majani yalipooza na maji yakachafuka, Warington akaongeza konokono wa kuyala, na mambo yakatulia. Miaka mitatu baadaye, bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki kwa umma. Warington alikuwa mtu makini na majaribio yake yanastahili kusomwa mpaka leo. Ila wazo la kwamba samaki, maji na chombo ni kitu kimoja kinachopaswa kupangwa pamoja lilikuwa limekwisha kujengwa kwa chokaa katika nyumba za Lamu za karne ya kumi na nane.

Ambalo Warington hakulijua, wala fundi wa birika, ni kwamba kuna kiumbe wa tatu ndani ya tangi, naye ndiye anayeamua nani ataishi. Samaki hutoa taka zake nyingi kupitia mashavuni, zikiwa amonia, sumu inayochoma ngozi laini ya mashavu yake mwenyewe. Baharini au mtoni amonia huchukuliwa na maji. Katika lita 40 haina pa kwenda. Kinachowaokoa samaki ni bakteria wanaoota juu ya changarawe, mawe, kuta za kioo na sponji ya chujio. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa naitriti, ambayo pia ni sumu. Kundi la pili hugeuza naitriti kuwa naitreti, ambayo samaki huistahimili kwa kiasi na mimea huila.

Bakteria hawa hawanunuliwi pamoja na kioo. Wanakuja wenyewe, taratibu, na huhitaji majuma manne hadi sita kufikia idadi ya kutosha. Mtu anayejaza tangi Ijumaa na kutia samaki wanne Jumamosi amewaweka katika chombo kisicho na choo. Hapa ndipo wengi wanapowapoteza, tena maji yakiwa meupe kabisa, kwa kuwa amonia haina rangi. Kinachofanya kazi ni subira. Tangi lijazwe, changarawe zitiwe, chujio liwashwe, kisha kila baada ya siku mbili tatu kitiwe kichembe kidogo cha chakula cha samaki kioze humo, ili bakteria wapate cha kuanzia. Mwenye rafiki anayefuga samaki wazima aombe kipande cha sponji yake chafu, kilichojaa bakteria tayari. Hakuna zawadi bora zaidi, ingawa haifai kupambwa kwa utepe. Kisha aanze na samaki mmoja au wawili, na kungoja tena.

Kwa nyumba ya Chundwa kuna jambo la ziada kuhusu amonia, na linatokana na mwamba ule ule wa matumbawe. Maji ya kisima yaliyopita katika matumbawe hubeba chokaa, na chokaa huyafanya yawe na ubesi, pH ya 8 au kuzidi kidogo. Katika maji ya namna hiyo sehemu kubwa zaidi ya amonia hukaa katika sura yake ya sumu. Kutoka pH 7 hadi pH 8, sehemu hiyo huongezeka kama mara kumi. Kosa ambalo katika maji ya mvua lingesamehewa, katika maji ya kisima linaua.

Maji ya mvua nayo yana kasoro iliyo kinyume. Ni laini mno, hayana madini ya kutosha kuyatuliza, na taka za samaki zikiongezeka pH yake hushuka kwa ghafla. Samaki huvumilia maji ya aina nyingi. Asichovumilia ni kugeuziwa maji kutoka hali moja hadi nyingine kwa usiku mmoja. Kwa hiyo dawa iko palepale kisiwani: maji ya jabia, na ndani yake vipande vichache vya matumbawe makavu au makombe, yaliyooshwa na kuchemshwa. Chokaa huyeyuka kidogo kidogo na kuyashikilia maji yasiyumbe. Jabia na birika zilizopigwa lipu ya chokaa zilifanya kazi hiyo bila mtu kuziagiza.

Lakini chokaa mpya ni hatari. Anayetaka kujenga birika dogo la samaki uani, kwa saruji au kwa chokaa ya tanuri, ajue kwamba lipu mbichi hufikisha maji pH ya 12, na samaki hafi polepole humo. Birika jipya hujazwa, likaachwa siku kadhaa, likamwagwa, likajazwa tena, mara nyingi, kwa majuma. Kwenye kisiwa cha maji haba hiyo ni hesabu nzito, na ndiyo sababu wakati wa kujenga ni kabla ya masika, ili mvua yenyewe ifanye kazi ya kusuuza.

Klorini haina usumbufu mkubwa Pate kama ulivyo mjini Mombasa, ambako maji ya mfereji hutiwa dawa. Hata hivyo, jabia au kisima kikitiwa dawa na maafisa wa afya, au mtungi ukitiwa dawa ya WaterGuard, maji hayo yasiende tangini moja kwa moja. Yaachwe katika ndoo ya wazi kwa siku moja au mbili, klorini itoke. Ikipita bila kutolewa huchoma mashavu ya samaki na kuua bakteria wale waliongojewa mwezi mzima.

Kuna faraja moja kubwa. Vitabu vya Ulaya vinavyofundisha ufugaji wa samaki hutumia kurasa nyingi juu ya vipasha joto, vipimajoto na bili ya umeme ya majira ya baridi. Msomaji wa Chundwa azifunue azipite. Samaki wa nchi za joto hutaka nyuzi kati ya 24 na 30, na chumba chenye kivuli kisiwani kiko humo humo karibu mwaka mzima. Tatizo la pwani ni upande wa pili: maji ya moto hushika hewa kidogo. Maji matamu yenye nyuzi 10 hubeba hadi miligramu 11 za oksijeni kwa lita; yenye nyuzi 30 hubeba saba na nusu tu. Ndiyo maana chombo kipana na kifupi kinamfaa samaki kuliko chombo kirefu chembamba cha ujazo ule ule, kwa kuwa hewa huingia kupitia uso wa maji. Bakuli la duara lenye mdomo mwembamba, lile la katuni, ni chombo kibaya kuliko vyote na lingefaa libaki katika katuni.

Chujio rahisi kabisa ni la sponji linalosukumwa na pampu ndogo ya hewa. Mapovu huvuta maji kupita katika sponji, bakteria hupata makazi, na uso wa maji hutikisika ukapata hewa. Pampu hizo hula umeme kidogo sana, na zipo zinazotumia betri ya sola. Umeme ukikatika kwa saa chache si msiba kama samaki ni wachache. Sponji ikiziba, ioshwe katika ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, si chini ya mfereji, na wala si kwa sabuni. Sabuni ya aina yoyote isikaribie chombo. Mapambo ni hiari ya mtu, almuradi si ya chuma kinachoshika kutu wala rangi inayobanduka.

Sasa samaki. Kwa mtoto wa pwani kishawishi cha kwanza ni bahari yenyewe. Maji yakipwa, kwenye vidimbwi vya miambani hubaki samaki wadogo wenye rangi ambazo hakuna duka linaloweza kuzishinda, tena bila malipo. Kenya ina wafanyabiashara wanaosafirisha samaki hao wa mapambo kutoka pwani ya kusini hadi Ulaya na Marekani, kwa hiyo si kwamba hawafugiki. Ila tangi la maji ya bahari ni kazi nyingine kabisa. Maji yakipungua kwa joto chumvi inabaki na kuzidi ukali, samaki wa miamba hawastahimili hata kiasi kidogo cha amonia, na wengi wao hula vitu ambavyo havipatikani nje ya mwamba. Wavuvi wa Kizingitini wanaouza kamba koche wakiwa hai wanajua jinsi mnyama wa bahari anavyodhoofika upesi akitolewa kwake. Aliye na hamu ya samaki wa mwambani ana bahati ambayo mkazi wa London hana: anaweza kwenda kuwatazama.

Samaki wa dhahabu, kipenzi cha maduka, pia hafai. Ni jamii ya maji baridi, hukua kupita sentimita 20, na huchafua maji kuliko wengine. Akitunzwa huishi zaidi ya miaka kumi. Katika lita 40 hatafika huko.

Wanaofaa ni wawili. Wa kwanza ni beta, samaki mpiganaji wa Thailand, ambaye serikali ya nchi hiyo ilimtangaza mwaka 2019 kuwa mnyama wa majini wa taifa. Ana kiungo kichwani kinachomwezesha kuvuta hewa juu ya maji, kwa hiyo joto la pwani halimnyimi pumzi, na viluwiluwi ni chakula chake cha asili. Dume huwekwa peke yake, maana madume wawili katika chombo kimoja watachanana. Wa pili ni gapi, samaki mdogo wa Trinidad na Venezuela, mwenye mkia wa rangi rangi. Anastahimili maji yenye chumvi kidogo, jambo ambalo kwa mtumiaji wa kisima cha Pate si dogo.

Wapo pia wenyeji, ambao nchi zao haziwajui. Katika madimbwi ya msimu ya pwani ya Afrika Mashariki huishi samaki wa jamii ya Nothobranchius, wafupi kuliko kidole. Nothobranchius guentheri, aliyeelezwa kisayansi na Georg Pfeffer mwaka 1893, ni wa Unguja. Dume lake lina mkia mwekundu unaong'aa. Mvua hujaza dimbwi, mayai yaliyokuwa yamelala ndani ya tope huanguliwa, samaki hukua kwa majuma machache, hutaga topeni, na dimbwi likikauka wote hufa, yakabaki mayai kungojea mvua nyingine. Wafugaji wa Ulaya hutumiana mayai ya samaki hawa kwa posta, yakiwa katika udongo mnyevu ndani ya bahasha, na hapana shaka kwamba mtaani Hamburg yupo anayemjua samaki wa Unguja kuliko Mzanzibari anayepita kando ya dimbwi lake akienda sokoni. Mwaka 1941 mtafiti F. L. Vanderplank aliandika katika jarida la udaktari la Afrika Mashariki kwamba samaki wa jamii hii wanafaa kupambana na viluwiluwi vya mbu wa malaria. Pwani ya kaskazini ya Kenya ina wake, Nothobranchius jubbi. Maisha yake ni mafupi, na anayemfuga ajue kwamba ataagana naye kabla mwaka haujaisha.

Sababu nyingine ya kuwathamini wenyeji ni kisa cha gambusia. Samaki huyu wa Marekani alisambazwa duniani katika karne ya ishirini kwa sifa ya kula mbu. Alikula pia mayai ya samaki wengine na ya vyura, akawafukuza wenyeji, na leo yumo katika orodha ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani. Gapi ana tabia ya kuenea vivyo hivyo. Kwa hiyo samaki wa dukani asitupwe kisimani, wala kwenye jabia ya kijiji, wala kwenye dimbwi la mvua, hata kwa nia njema ya kuwapunguzia majirani mbu. Na maji ya kunywa yabaki bila samaki, yafunikwe, yachemshwe.

Maduka ya samaki wa namna hii yako Mombasa na Nairobi, kwa hiyo samaki wa Chundwa ana safari: basi hadi Mokowe, boti hadi Lamu, boti nyingine hadi Pate. Husafiri vizuri akiwa hajalishwa siku moja kabla, ili asichafue maji ya mfuko. Mfuko utiwe maji theluthi moja na hewa theluthi mbili, ufungwe, uingizwe katika mwingine, kisha katika kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa chenye unyevu, mbali na jua la sitahani na joto la injini.

Akifika, mfuko huachwa uelee juu ya maji ya tangi kwa robo saa, joto lilingane. Kisha unafunguliwa, na kila baada ya dakika chache kikombe cha maji ya tangi kinaongezwa ndani, kwa nusu saa au zaidi. Samaki hutolewa kwa kijiwavu, na maji ya mfuko humwagwa shinani mwa mti, hayaingii tangini. Siku hiyo halishwi kitu. Siku ya pili hupewa chakula anachokimaliza kwa dakika mbili, mara moja, na hivyo kila siku. Viluwiluwi kutoka ndoo ya uani ni chakula bora kuliko cha kopo, na kwa kawaida havikosekani.

Jike la gapi huzaa watoto hai kila baada ya majuma manne hivi, mara nyingine zaidi ya ishirini kwa mkupuo mmoja, na huweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi, kiasi kwamba jike aliyenunuliwa peke yake huenda akajaza tangi. Jirani mwenye hodhi la ndani lisilotoka maji nje anaweza kugawiwa. Asiyetaka kugawa hununua madume tu.